Bwana Samaki na Unga wa Kuona Watoto

Jambo zima lilitugharimu vifaranga mia sita na arobaini, msimu mmoja wa mahindi mabichi na maharage kwa kaya kumi na mbili, popoo tisa, ndoo mbili za bati ambazo hazikurudi kwa wenyewe, na heshima ya mtu mmoja. Hesabu hiyo nimeipiga mara mbili. Mara ya kwanza nilipata popoo nane, lakini moja nilipewa nyongeza baada ya kubishana, na nyongeza nayo ni mali.

Mtu mwenyewe tulimwita Bwana Samaki. Serikali ilikuwa na bwana shamba, ikawa na bwana afya, na upande ule wa Mbeya ikaja kuwa na huyu pia. Jina lake la ubatizo nililijua, ila hata mkewe mbele za watu alisema, "Bwana Samaki, chai tayari," nami sioni sababu ya kumzidi mkewe. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi nilikuwa nachuuza vitunguu, nikitoka nyumbani Mlandege, Iringa, kwa lori mpaka Mbeya, na mwisho wa safari nilifikia kwa dada yangu mkubwa aliyeolewa Uyole. Nyumba ya Bwana Samaki ilikuwa ng'ambo ya njia. Ya matofali, vyumba viwili, bati juu.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na sweta lake la kijani lilikuwa limetoboka viwiko vyote viwili. Mkono wa kushoto wa sweta aliukunja siku zote, mvua au jua, wa kulia aliuacha umeshuka mpaka kifundoni. Nilimuuliza kwa nini. "Huu ni wa maji," akasema akiunyoosha wa kushoto. "Huu mwingine ni wa kusalimia watu. Sitaki kumpa mtu mzima mkono unaonuka samaki."

Samaki mwenyewe hakula. Mkewe aliniambia kwamba hata dagaa akipika wageni wamefika, yeye anabeba sahani yake ya maharage na kwenda kukaa nje. Na maji aliyaogopa. Akisimama ukingoni mwa dimbwi alishika fimbo ndefu, na sikuwahi kumwona ameingia zaidi ya kifundo cha mguu. Nikamtania, "Bwana Samaki, unaogopa?"

"Siogopi, nimehesabu," akasema. "Mimi urefu wangu naujua. Wa dimbwi sijauona."

Hapo nilimpenda. Mtu anayehesabu kabla hajaingia ni ndugu yangu.

Lakini jambo lililomfanya ajulikane mpaka mjini Mbeya ni uaminifu, na ulikuwa uaminifu wa kuchosha. Siku moja nilimpelekea shada la vitunguu. Hakulipokea. Aliniuliza kwanza, "Bwana Vitunguu, hivi ni vya nani?"

"Vya kwako."

"Vya kwangu mimi, au vya Bwana Samaki?"

"Si mtu mmoja?"

"Hapana. Vya Bwana Samaki ni vya kazi. Itabidi niviandike kwenye daftari na kuvipeleka ofisini."

Nikamwambia ni vya tumbo lake na la mkewe. Akachomoa vitatu, vilivyobaki akanirudishia, na akasema asante kama mtu aliyepewa ng'ombe. Ndivyo alivyokuwa. Kitu kikiletwa kwa jina la fulani, kiende kwa fulani, na njiani kisiguswe. Nilicheka siku ile, na kicheko kile nakijutia kidogo kwa yaliyofuata.

Kule bondeni chini ya Uyole watu walilima bustani za kiangazi kwenye unyevu, zile ambazo sisi Iringa tunaziita vinyungu. Mvua ikikatika, kinyungu ndicho kinachokulisha mahindi mabichi na maharage mpaka mvua irudi. Bwana Samaki aliwaita wenye vinyungu kumi na viwili, akawaomba wachimbe madimbwi mahali pale pale, maana pana maji. Yeye atawapa vifaranga wa perege, wakubwa kiasi cha kidole, baridi ikishaisha. Watakosa mboga ya msimu mmoja, halafu watakula samaki miaka yote. Wengi walisita. Dada yangu aliniuliza, kwa sababu mimi ndiye nazunguka na kuona mengi. "Mdogo wangu, mtu huyu anaaminika?"

"Huyu alinirudishia vitunguu," nikamwambia.

Akachimba. Alipochimba yeye, wengine wakafuata.

Shida ilikuwa baridi. Juni na Julai pale, ukitoka asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe, na kifaranga wa perege akiguswa na maji ya namna hiyo analala chini kama jani. Ndiyo maana Bwana Samaki akatengeneza sanduku la vioo. Vioo vya madirisha vilivyotolewa kwenye nyumba iliyobomolewa, fremu ya mbao ya seremala, lami kwenye pembe. Aliliweka sebuleni, mgongo wake umegusa ukuta wa jikoni upande wa pili ambako mafiga yalikuwa yanawaka mchana kutwa. Ukishika kioo ulisikia uvuguvugu. Humo aliweka majike wanne wa perege, na baada ya wiki chache akaniita kuona.

Perege jike hutamia mayai mdomoni. Watoto wakishatoka wanaogelea karibu naye, na kitu kikiwashtua anafungua mdomo na wote wanaingia ndani kama watu wanaokimbilia kanisani mvua ikinyesha. Dada yangu alipoona hilo aliketi sakafuni, akafunika mdomo wake kwa kanga. Baadaye Bwana Samaki akawatoa wale mama, wakabaki watoto peke yao. Tuliwahesabu kwa kikombe, yeye mara moja, mimi mara mbili: mia sita na arobaini.

"Tusiseme kwa sauti mbele yao," aliniambia. Sikujua kama anatania. Hakuwa anatania.

Habari za mama anayebeba watoto mdomoni zilipanda milima yote ile. Na kwetu Nyanda za Juu, upande wa Mbeya na upande wa Iringa vilevile, mtu haendi kuona mtoto mchanga mikono mitupu. Unabeba unga wa ulezi kwenye bakuli, umefunikwa kitambaa, ili mzazi apate uji. Sasa watoto walikuwepo, mia sita na arobaini, mzazi wao ametolewa. Wanawake wakaanza kuja.

"Hodi hapa. Tumekuja kuona watoto."

"Karibuni, mama zangu. Wapo."

Walikuwa wanacheka wenyewe, wakijua ni mzaha, lakini bakuli lipo mkononi na unga umo. Bwana Samaki alipokea kwa mikono miwili, akachukua unga kwa ncha za vidole, akaunyunyiza juu ya maji mbele ya macho ya mleta unga. Kila mmoja alitaka kuona wake unaliwa. Siku ya Jumapili watu wakitoka kanisani foleni ilifika mpaka njiani. Dada yangu alikuja zaidi ya wote. Alikuwa ameolewa miaka kumi na minne, na nyumbani kwake hapakuwahi kuletwa unga wa namna hiyo. Alikuwa anasaga kwa mkono wake, unga laini sana, na aliubeba asubuhi na jioni.

Nilimkuta Bwana Samaki siku moja akiwa anaweka unga kwenye debe. Alikuwa ameandika juu yake kwa mkaa: WATOTO.

"Hawa wanakula kiasi gani kwa siku?" nikamuuliza.

"Wote kwa pamoja? Kama kifuniko cha chupa."

"Na leo wameletewa?"

"Pishi mbili na nusu."

"Na mbele ya wageni wanalishwa kiasi gani?"

Akafunika debe. Nikamwambia apike uji anywe na mkewe, jambo liishe. Akanitazama kama nimemwambia akavunje duka. "Umeletwa kwa ajili yao. Nikiunywa nimewaibia."

"Basi warudishie wenyewe."

"Bwana Vitunguu, wewe umewahi kuona mtu akirudishiwa unga aliokuja nao kuona mtoto?"

Niliwahi kuona. Mara moja tu, pale mtoto alipofariki kabla wageni hawajafika.

Kisha wakaja minyoo, na mwanzoni nilidhani ni mikwaruzo kwenye kioo. Vimistari vyeupe, vyembamba kuliko uzi wa kushonea, urefu wa punje ya mchele. Nikapitisha ukucha, kimstari kimoja kikajikunja. Bwana Samaki akaleta lenzi yake ya kazini. Mnyoo alikuwa bapa, kichwa chake kimechongoka kama jembe jipya, na juu yake macho mawili yaliyokengeza, kama karani anayejiandaa kukunyima kibali. Alikuwa hana haraka. Alikuwa anateleza juu ya kioo bila miguu, bila kujitikisa, kama kivuli cha kitu ambacho hakipo.

"Wanajificha mwangaza," Bwana Samaki akasema. Akachukua blanketi, akafunika sanduku lote, mchana wa saa saba, tukakaa kunywa chai. Vikombe viwili. Alipolifunua, kioo cha upande wa jikoni kilikuwa kimegeuka rangi ya maziwa.

Mkewe aliyekuwa mlangoni akarudi jikoni polepole. Kuanzia siku hiyo hakulipa mgongo lile sanduku.

Asubuhi yenye baridi kali, vifaranga walipokuwa wamelala chini bila nguvu, ndipo tuliona kazi yao. Mnyoo mmoja anampanda kifaranga, wa pili anafuata, na kifaranga hatikisiki. Baada ya saa moja amebaki mwiba mtupu. Tukahesabu waliobaki: mia nne na sita.

Hapa nami nina langu la kukiri. Nilikuwa na wembe wa kunyolea. Nikasema mimi mtu wa vitendo, nikakaa mbele ya kioo nikawakata kwa wembe pale walipo, kati kwa kati, mmoja baada ya mwingine. Niliwakata sabini na mbili. Nilijisikia vizuri sana. Bwana Samaki aliokota saba kati ya niliowakata, akawaweka kwenye sahani ya maji, akafunika. Nikaenda Iringa kuchukua mzigo. Niliporudi baada ya siku kumi na mbili alinipa ile sahani na lenzi.

Walikuwa kumi na wanne. Kila mmoja ana kichwa. Kila mmoja ana macho mawili, na yote yananikengezea.

"Sabini na mbili mara mbili," nikasema.

"Nimeshaandika," akasema. Hakunilaumu, wala hakuniambia ni sawa.

Tukaweka kipande cha ini ndani ya chupa yenye shingo nyembamba, tukailaza chini, tukaivuta imejaa. Tukamwaga kwenye moto. Kesho yake chupa imejaa tena. Yeye alionja maji kila asubuhi kwa ncha ya kidole, kama mwanamke anayeonja chumvi ya mboga, kisha anasema "Bado" au "Sawa". Wiki hizo aliacha kusema chochote. Anaonja, anafuta kidole kwenye sweta, anakwenda kufungua mlango, maana wageni wameshabisha hodi.

Dawa niliipata mimi, dukani kwa Mhindi mmoja mjini Mbeya. Niliuliza kitu cha minyoo. Akaniambia mbwa wake humpa popoo, ile kokwa ngumu inayotafunwa na tambuu, ikiwa imesagwa, asubuhi kabla hajala, na minyoo yote inatoka.

"Nipe popoo tisa kwa bei ya nane," nikamwambia.

"Wewe hutafuni popoo, bwana. Una harusi?"

"Si yangu. Ya samaki."

Alinitazama kidogo. "Hao samaki wanaoa?" Lakini ya tisa alinipa.

Tulisaga jioni. Mbwa mmoja, popoo nusu. Tukabaki tunatazamana juu ya kinu: sanduku lile ni mbwa wangapi? Bwana Samaki alisema mbwa wawili. Mimi nilisema watatu, kwa sababu siku zote naanzia juu ili nikishushwa nifike kati. Hakunishusha. Alikuwa amechoka. Tukatia ya mbwa watatu.

Popoo ilifanya kazi, hilo nalisema bila kuongeza chumvi. Kabla hatujamaliza kula, minyoo walianza kuanguka kutoka kwenye kioo kama nyuzi zilizokatwa na fundi cherehani. Walijaa chini. Asubuhi walikuwa wameoza wote kwa pamoja, na maji yalikuwa yamebadilika rangi, na vifaranga walikuwa juu kabisa, midomo nje, wanatafuta hewa. Tulihitaji maji mapya, na maji ya mtoni yalikuwa barafu. Mkewe akachemsha kwa madebe, tukachanganya, tukakopa ndoo kwa majirani, tukawachota walio hai. Bwana Samaki alitumia mikono yote miwili. Nilimwona mkono wa kulia wa sweta umelowa mpaka kwenye bega, na nikajua mambo yameharibika.

Tulipomaliza kulimwaga sanduku alikwangua mchanga wa chini. Chini ya mchanga palikuwa na tabaka la kijivu, unene wa vidole viwili, linanuka uchachu wa pombe. Ulikuwa unga.

"Minyoo hawa hawakuja kwa samaki," akasema. "Walikuja kwa unga. Samaki waliwakuta tu njiani."

Waliobaki: sitini na mmoja.

Kaya kumi na mbili zilikusanyika uani kwake siku iliyofuata. Madimbwi yalikuwa yamejaa maji, vinyungu vimeshachimbuliwa, na mvua ilikuwa mbali bado. Mzee mmoja aliuliza, kwa adabu, ni kitu gani kimeua samaki. Wanawake walikuwa wamesimama nyuma. Dada yangu alikuwa na bakuli lake, limefunikwa kitambaa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya unga.

Bwana Samaki, yule aliyenirudishia vitunguu, alitazama lile bakuli. Akasema, "Ni baridi, wazee wangu. Nilikosea kupima baridi."

Mimi nilikuwepo. Sikumsahihisha.

"Baridi ya hapa ulikuwa huijui?" mwingine akauliza. "Umekaa hapa miaka mingapi, bwana?"

"Miaka sita."

"Miaka sita hujaijua baridi, ukatuchimbulia chakula chetu."

Bwana Samaki akasema sitini na mmoja hawagawanyiki kwa kumi na wawili, wakitawanywa watakufa wote. Wawekwe pamoja kwenye dimbwi moja linalopata jua mapema, wazaane, mwaka unaofuata kila mtu apewe. Dimbwi linalopata jua mapema lilikuwa la dada yangu. Kila mtu bondeni angeweza kuona kwamba ni kweli, na kila mtu alijua kwamba mimi na Bwana Samaki tulikuwa tunashinda pamoja. Kuna mtu alicheka. Mkewe Bwana Samaki aliingia ndani akafunga mlango.

Dimbwi lile lilidumu wiki tano. Asubuhi moja dada alikuta ukingo umekatwa kwa jembe, mkato safi, na maji yote yamekwenda. Hakuuliza nani. Alikusanya walioonekana kwenye tope, akawazika pembeni, na niliporudi kutoka Iringa aliniambia kitu kimoja tu: "Mdogo wangu, baridi imewaonea wale watoto. Afadhali walikula wakashiba kwanza." Nilisema ndiyo. Mwaka ule alinunua mahindi kwa watu, na wengine kumi na mmoja vivyo hivyo. Bwana Samaki akahamishwa kabla mvua hazijaanza. Waliobeba vitu vyake ni mimi na utingo wa lori.

Nilimwona tena miaka minne baadaye, Mlandege, kwenye genge langu la vitunguu. Alikuja asubuhi, akaniamkia kwa Kihehe, "Kamwene," kwa lafudhi mbaya, akasimama upande kusubiri wateja waishe. Kichwa kilikuwa cheupe. Nilimpimia vitunguu, akalipa, akahesabu chenji, nami nikaihesabu tena.

Akaniambia yuko Iringa sasa, kazi ile ile. Kuna bonde, watu wamekubali, kaya tisa. Sanduku la vioo limeshawekwa, la kwanza liliuzwa, hili jipya. Majike wameshatamia.

"Na wageni?" nikauliza.

"Jana wamekuja wanne."

Alichukua kitunguu kimoja, akakizungusha, akakirudisha mahali pake pale pale.

"Dada yako hajambo?"

"Hajambo. Yupo."

"Bado anafikiri ni baridi?"

"Bado."

"Hawa wa hapa wanaozana na watu wa kule," akasema. "Kila lori lina mtu wa kwenda au wa kurudi. Nikiwaeleza hawa kwa nini wasilete unga, itabidi niwaeleze kilichotokea Uyole, na haitachukua mwezi dada yako atakuwa amesikia kwamba ni unga, na wa nani ulikuwa mwingi. Nikinyamaza, Jumatatu wanaanza kuchimba madimbwi kwenye vinyungu vyao. Nimefikiri mpaka nimeshindwa, Bwana Vitunguu. Wewe ni ndugu yake, na wewe ulikuwepo. Nishauri. Niwaambie, au nisiwaambie?"